Naombeni ushauri: nimetengeneza mfumo wa pointi za wachezaji klabuni, sasa umenigeuka

mpiga_vinyoya:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Kuna kitu kinaninyima usingizi, naombeni mawazo, matusi wekeni pembeni kwanza.

Tuna kiklabu chetu cha mpira wa vinyoya huku Mwanza, ile badminton. Tuko watu 34, ukumbi mmoja, kiwanja kimoja, jumanne alhamisi na jumamosi. Zamani mashindano yakikaribia katibu alikuwa anapanga kwa macho tu, wewe grupu A wewe grupu B, ugomvi hadi kwenye WhatsApp. Mimi kwa kiherehere changu nikasema naijua Excel ngoja niweke mfumo wa pointi, ukishinda unapanda ukifungwa unashuka, jedwali linabandikwa ukutani kila jumapili. Huu ni mwezi wa tatu toka nianze na ugomvi ndo umezidi. Kuna mchezaji mmoja anashuka kila wiki na hali imeshakuwa tete. Nifanyeje mfumo uwe wa haki bila mtu kuona kaonewa?

babu_wa_kete:
Mnajisumbua na makompyuta. Sisi kijiweni kwenye drafti mfumo ni mmoja tu, ukifungwa unanyanyuka, anakaa mwingine. Kuna jamaa fundi viatu alikaa kwenye lile benchi toka saa nne asubuhi mpaka adhana ya magharibi, viatu vya watu vimelala pale havijaguswa. Hakuna aliyeuliza nani mkali. Tatizo ni moja tu, mnyonge anacheza gemu moja kisha anakaa saa nzima anatafuna karanga, kwahiyo hajifunzi, mkali ndo anazidi kuwa mkali. Lakini haki ipo.

namba_hazidanganyi:
Mkuu huo mfumo una mwenyewe, unaitwa Elo, ni jina la mtu, Arpad Elo, profesa wa fizikia kule Marekani mzaliwa wa Hungary. Aliutengenezea chesi na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wanautumia toka 1970. Siri yake ni kwamba pointi zinategemea umemfunga nani. Ukimzidi mtu pointi 200 unategemewa kushinda kama mara 76 katika 100, kwahiyo ukimfunga unapata vijisenti, akikufunga anakubomoa. Kama wewe unatoa pointi 10 kwa kila ushindi huo sio mfumo, huo ni uhudhuriaji, anayekuja sana ndo anakuwa bingwa. Na wapya wapande na kushuka haraka kuliko wazoefu, FIDE mgeni kiwango chake cha mabadiliko ni 40, baadaye 20, waliofika 2400 ni 10. Sasa swali, huyo anayeshuka ni nani na anacheza na kina nani?

Dada_Mkweli:
Mimi nauliza kitu kingine. Hapo hamchezi kwa hela kweli? Maana pointi, jedwali, grupu A grupu B, mara mtu anakosa usingizi, kaka yangu alianza hivi hivi na pool table, leo hata kitanda hana. Michezo ni afya jamani.

mpiga_vinyoya:
Dada hakuna hela, zawadi ni tisheti na kikombe. @namba natumia hiyo hiyo Elo, K, yaani hicho kiwango cha mabadiliko, nimeweka 32 kwa wote. Na huyo mchezaji haonewi kwenye ratiba maana kila mtu ameshacheza na kila mtu. Mimi nilitaka tu kujua kama kuna fomula inayoangalia na uzoefu, yaani mtu kacheza miaka mingi, mchango wake kwa klabu na nini.

smeshi_ya_nyuma:
Mimi nacheza huku Dar, angalieni sana watu wanaofungwa makusudi. Kwetu kuna bwana mwezi wa mashindano mkono unamuuma ghafla, anashuka grupu B, siku ya siku mkono umepona anabeba kikombe cha B mwaka wa pili huu. Msidhani ni mambo ya uswahilini, Olimpiki ya London 2012 wanawake 8, timu nne za wawili wawili, walifukuzwa kwa kosa hilo hilo, kila timu inataka kufungwa ipate mpinzani laini mbele, wanapiga kinyoya kwenye neti uwanja mzima unazomea. Dawa yetu tumeweka kwamba ukishapanda A hushuki ndani ya miezi sita hata ukifungwa na mtoto.

namba_hazidanganyi:
Mkuu umekwepa swali. "Mchango wake kwa klabu" unahusiana vipi na kupiga kinyoya? Ni NANI?

kitunguu_swaumu:
Mimi nimeshanusa kitu hapa 😂

mpiga_vinyoya:
Sawa wakuu. Ni mzee wetu. Yeye ndo analipia ukumbi na vinyoya ananunua yeye, vile vya manyoya halisi ya bata sio plastiki, na mnajua kimoja kinaweza kufa ndani ya gemu mbili. Kopo anakaa nalo kwapani, kinyoya kikikatika anakupa kingine mkononi kwako huku anakuangalia. Kwa macho ya katibu alikuwa namba 2. Kwenye mfumo wangu kawa wa 19. Jumapili alisimama mbele ya jedwali muda mrefu, akavaa miwani, akavua, akasema tu "hii karatasi ni ya nani?"

Na kabla hamjaanza, wote walianza na 1500 yeye nilimuanzisha na 1700. Sio upendeleo, ni uzoefu, hata kwenye chesi watu hawaanzi sawa.

kitunguu_swaumu:
1700 🤣🤣🤣 umempa mzee mtaji na biashara imekufa

namba_hazidanganyi:
Hapo ndo umemmaliza. Mwenye 1500 akimfunga mwenye 1500 kwa K ya 32 anapata 16. Akimfunga mwenye 1700 anapata 24, na hizo 24 zinatoka kwa mzee. Kama kiwango chake halisi ni 1500, umemgeuza mashine ya kutolea pesa na kadi mmepewa wanachama wote. Asingekuwa na hizo 200 angeanza tu pale katikati kimya kimya, hakuna ambaye angeona kashuka. Ya wawili wawili nayo unaiingiza humo humo? Mzee anacheza na nani?

mpiga_vinyoya:
Ya wawili naingiza humo humo, nachukua wastani wa wenzi. Anacheza na mimi.

babu_wa_kete:
Ahaaa.

namba_hazidanganyi:
Daah. Huwa mnabadilishana wenzi?

mpiga_vinyoya:
Mzee hachezi na mtu mwingine. Mimi ndo nakimbia nyuma yeye anakaa mbele kwenye neti. Sasa tukifungwa tunashuka wote na kosa mnajua ni la nani, lakini nitasemaje. Kwahiyo nilifikiria kwenye gemu za wawili niweke mgawanyo, yule anayekimbia zaidi apoteze kidogo. Nimeshaandika na fomula, naomba tu mniambie kama iko sawa.

namba_hazidanganyi:
Haiko sawa, na hiyo sio fomula, hayo ni malalamiko umeyaweka kwenye Excel. Sikiliza. Chukua mfano wewe 1620 yeye 1480, wastani 1550, mnakutana na wawili wa 1450. Mnategemewa kushinda asilimia 64, mkishinda kila mmoja anapata kama 12, mkifungwa kila mmoja anapoteza kama 20. Mfumo unaiona timu, hauoni nani alikimbia. Ili ujue nani anambeba nani lazima mchanganyike, wiki hii wewe na fulani, wiki ijayo mzee na fulani. Mkiwa mmefungwa kamba miezi mitatu hata profesa mwenyewe akifufuka hawezi kuwatenganisha. Ama jedwali mbili, la mmoja mmoja na la timu, timu ihesabiwe kama mchezaji mmoja.

jicho_la_tai:
Samahanini nawakatisha. Watu 34 kila mtu kacheza na kila mtu ni mechi 561. Miezi mitatu mara tatu kwa wiki ni kama siku 36. Hizo ni mechi 15 au 16 kwa siku kwenye kiwanja KIMOJA, bado za wawili wawili hujaweka. Mechi ya kawaida seti mbili mpaka tatu za 21, weka hata nusu saa, ni masaa nane kila siku ya mazoezi. Mnafanya kazi saa ngapi? Hii ni chai, tena ya tangawizi.

kitunguu_swaumu:
Sukari weka mwenyewe ☕

Dada_Mkweli:
Nilijua. Ile miwani ilikuwa imepangwa vizuri mno.

mpiga_vinyoya:
Jamani tunacheza seti moja tu ya 21, dakika 10 mpaka 12. Na nilivyosema kila mtu na kila mtu nilimaanisha karibu wote, kuna wanaokuja jumamosi tu.

jicho_la_tai:
Karibu wote imeanza lini? Tupia picha ya hilo jedwali.

mpiga_vinyoya:
Siweki, lina majina ya watu. Na mzee nasikia yumo humu humu.

smeshi_ya_nyuma:
Chai au sio chai, ya grupu B kwetu ni kweli, na yule bwana mkono umeanza kumuuma tena wiki hii.

mpiga_vinyoya:
Wakuu narudisha mrejesho hata kama hamuamini. Jana nimefika ukumbini nakuta vijana wamepanga foleni pembeni, kila mtu anataka kucheza na mzee. Kumbe kuna dogo wa chuo alishaligundua lile la 24 akawaambia wenzake. Mzee kacheza gemu sita, kafungwa tano, jasho mpaka kwenye soksi, ana furaha sijawahi kumuona vile, ananishika bega ananiambia "umeona, vijana sasa wananielewa." Kaagiza boksi zima la vinyoya. Nilikuwa nimepanga nimshushe mpaka 1500 jumapili hii, sasa sijui.

babu_wa_kete:
Muongeze 200 nyingine, labda mtapata na kiwanja cha pili.