Barbara Cook: nianze na rekodi zipi, na nitajuaje kama ni zake kweli?

SautiYaPili:
Wakuu, habari za humu. Naomba mwongozo kuhusu Barbara Cook, yule soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) wa tamthilia za muziki za Broadway. Nataka kumsikiliza kwa mpangilio, kuanzia miaka ya 1950 hadi matamasha ya uzeeni, ila orodha za mtandaoni zinachanganya. Candide ziko kibao, The Music Man ziko mbili, Show Boat nazo mbili. Yumo kwenye zipi? Halafu kuna faili ya Candide inasikika kama imekazwa kasi. Nitahakikishaje?

MzeeWaSanturi:
Mkuu, usitafute kwa jina la tamthilia, tafuta kwa mwaka na kampuni. Tamthilia hizi hurudiwa na waimbaji wapya, na mitandao huzirundika zote chini ya jina moja.

Candide yake ni ya 1956 tu, Columbia. Santuri ya mono (chaneli moja ya sauti) ni OL 5180, ya stereo (chaneli mbili) ni OS 2350. Ukikuta ya 1974, anayeimba nafasi ya Cook ni Maureen Brennan. Ile ya 1989 ambayo mtunzi wake, Leonard Bernstein, aliongoza mwenyewe ni June Anderson. Tamthilia ya kwanza ilifungwa baada ya maonyesho 73. Watu wengi waliijua kupitia santuri, kazi ya prodyuza Goddard Lieberson.

The Music Man ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu Robert Preston, mwigizaji mkuu wa kiume, yumo kote kuwili. Ya jukwaani (ilifunguliwa 19 Desemba 1957, ikaenda maonyesho 1,375) ni ya Capitol, na Marian (mhusika mkuu wa kike) ni Cook. Alipata tuzo ya Tony kwa nafasi hiyo. Ya filamu ya 1962 ni ya Warner Bros., na Marian ni Shirley Jones. Sura ya Preston kwenye jalada haikuthibitishii kitu, soma jina la mwanamke.

Show Boat zote mbili ni zake. Ya 1962 ni ya studio, Columbia, akiwa na John Raitt. Ya 1966 ni ya RCA Victor, kutokana na onyesho la Lincoln Center, akiwa na Stephen Douglass. Usimtumie William Warfield kuzitofautisha, yumo kwenye zote.

Ongeza The King and I ya 1964, Columbia, akiwa na Theodore Bikel. Hiyo pia ni ya studio.

Kinanda_na_Sauti:
Orodha ya Mzee iko sawa, ila kwa kuanza mimi ningekwambia She Loves Me ya 1963 (MGM, santuri mbili). Candide inakuonyesha koo lake, She Loves Me inakuonyesha akili yake. Na kwa maoni yangu akili ndiyo iliyomweka kazini miaka 60.

Sikiliza "Ice Cream". Amalia, mhusika wa Cook, anaandika barua, anakatiza, anamfikiria mwanamume mwingine, anarudi kwenye barua. Cook habadilishi sauti kwa vichekesho. Kila anaporudi kwenye barua anasawazisha tu pumzi na kuimba kama mtu anayesoma alichoandika, kisha wazo jipya linampasukia katikati ya mstari. Mwisho anapanda hadi B ya juu, na bado neno linasikika. Hapo ndipo waimbaji wengi huanguka: wanafungua irabu ili noti itoke, neno linapotea. Baada ya hapo weka "Dear Friend" ya albamu hiyohiyo, ambayo haina noti ya kujionyesha hata moja, uone anavyobeba wimbo kwa konsonanti peke yake.

Ukinunua She Loves Me hakikisha ni MGM 1963, maana ya London ya 1964 ni Anne Rogers na ya Broadway ya 2016 ni Laura Benanti.

Tarumbeta:
Kuhusu kasi, "Glitter and Be Gay", wimbo wa Cook kwenye Candide, inajipima yenyewe. Inaanza kwenye ufunguo wa C minor, inaishia E-flati major, na noti yake ya juu kabisa ni E-flati iliyo juu ya C ya juu, takribani hezi 1,245. Programu ya kupimia sauti ikikusomea karibu 1,319, faili imepanda nusu toni nzima, yaani kasi imezidi kwa asilimia 6 hivi. Kosa la asilimia 1 ni senti 17 (senti 100 ni nusu toni moja), wengi hawalisikii. Usipime kwenye sauti yake, mtetemo utaiyumbisha mishale. Pima kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya mwisho ya okestra. Senti chache za tofauti zipuuze.

Kuhusu santuri: za stereo hazikuanza kuuzwa hadi 1958, kwa hiyo nakala za kwanza za Candide ni mono. Ukizipiga kwa kichwa (kifaa kinachoshika sindano) cha stereo, unganisha chaneli mbili ziwe moja. Mikwaruzo mingi inayotokana na sindano kupanda na kushuka itajifuta. Sindano ya mviringo ya mikroni 25 hukaa vizuri kwenye mifereji ya zamani. Ila kichwa cha mono cha enzi zile usikiweke kwenye santuri ya stereo: hakinyumbuki kwenda juu na chini, kitachimba mfereji.

Na jalada la Capitol lenye neno "Duophonic" liache. Hiyo ni mono iliyochakachuliwa ifanane na stereo, sauti yake inaelea.

SautiYaPili:
Nimepima, inasoma 1,282 hivi. Na baada ya miaka ya 1960 niendelee na zipi?

Tarumbeta:
Hiyo ni asilimia 3 juu, nusu ya nusu toni. Ishushe kasi pamoja na kimo cha sauti kwa asilimia 2.9. Usitumie zana inayobadilisha kimo peke yake, itaacha mwendo ukiwa bado umekazwa.

MzeeWaSanturi:
Ruka hadi Januari 1975, tamasha la Carnegie Hall, Columbia. Miaka ya katikati ilikuwa ya ulevi na kazi chache, na mwenyewe hakuficha. Anarudi na mpiga piano Wally Harper, waliofanya kazi pamoja hadi Harper alipofariki 2004. Sauti imeshuka na kunenepa, nyimbo zimepunguzwa mwendo.

Kisha Follies in Concert, Septemba 1985, RCA, pamoja na New York Philharmonic. Humo anaimba "Losing My Mind". Follies ya Capitol ya 1971 ni Dorothy Collins, na ilibanwa kuingia santuri moja, kwa hiyo nyimbo zimekatwa. Malizia na Mostly Sondheim ya 2001, DRG, Carnegie Hall tena. Ana miaka 73 humo.

Kinanda_na_Sauti:
Kwenye ya 1985 tanguliza "In Buddy's Eyes". Anaiimba kama mtu anayejidanganya na karibu anafaulu.