Nikikuza herufi ukurasa unatoka nje ya skrini: nirekebishe wapi?

Mama_Hukumu aliandika:

Habari zenu wanajamvi. Naombeni msaada katika jambo ambalo limenichosha macho na shingo. Kazi yangu ni kusoma hukumu za mahakama na kuziandikia muhtasari kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na karibu kazi yote naifanya ndani ya kivinjari cha Chrome. Kompyuta yangu ni mpakato ya Windows ya inchi 14, yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na mwaka huu nimetimiza miaka 46.

Ukurasa ukiwa kwenye asilimia 100, najikuta nimeinama mpaka paji la uso linakaribia skrini. Nikiukuza hadi asilimia 150, baadhi ya kurasa zinatoka nje, hivyo kila mstari nalazimika kuusogeza kushoto na kulia, na nikifika mwisho wake nimekwisha kusahau ulianzaje. Kurasa nyingine menyu ya juu inavimba na kufunika sehemu kubwa ya maandishi. Mwenzangu wa ofisini alinishauri nipunguze pikseli za skrini. Herufi zilikua kweli, lakini zikawa na ukungu, na jioni ile niliumwa kichwa.

Je, ipo namna ya kukuza herufi bila kuvuruga ukurasa? Na kwa nini tovuti moja inakumbuka ukubwa niliouweka, ilhali nyingine inanirudisha mwanzo?

Fundi_wa_Zamu alijibu:

Pole sana dada. Kabla ya yote, rudisha pikseli za skrini kwenye 1366 kwa 768. Skrini hizi bapa zina idadi maalumu ya nukta, na ukiitaka ioneshe nukta chache kuliko ilizo nazo, inalazimika kukisia rangi za nukta za katikati. Ukungu uliouona unatokana na hapo. Kipimo sahihi kimo katika mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ya skrini, pale unapochagua asilimia kama vile 100 au 125. Ukichagua 125, herufi huchorwa upya zikiwa kubwa na bado kali, tena katika programu nyingi na si kwenye kivinjari tu.

Sasa kuhusu kukuza ukurasa. Unapobonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, kivinjari hukuza kila kitu, na tovuti nayo huona kana kwamba skrini yako imekuwa nyembamba. Gawanya 1366 kwa 1.5 upate takriban pikseli 911. Gawanya kwa 1.25 upate takriban 1093. Tovuti iliyojengwa kwa upana usiobadilika wa pikseli 1000 itaenea vizuri kwenye asilimia 125, lakini kwenye 150 itatoka nje. Hiyo ndiyo tofauti unayoiona kati ya ukurasa mmoja na mwingine, na ndiyo sababu nakushauri usiruke 125. Angalia pia kwamba vipimo hivi viwili huzidishana: Windows ikiwa 125 na kivinjari 125, umefika kwenye asilimia 156 bila kukusudia. Ukibadilisha kile cha Windows, rudisha kwanza kivinjari kwenye 100 kwa Ctrl na sifuri.

Kuhusu kukumbuka, Chrome huhifadhi ukubwa kwa kila tovuti peke yake, kwa hiyo tovuti usiyoigusa hubaki na ukubwa wa kawaida, na ukubwa unaouweka kwenye dirisha fiche (lile lisilohifadhi historia) hupotea unapolifunga. Ukitaka zote zianze na ukubwa mmoja, fungua mipangilio ya Chrome, nenda sehemu ya mwonekano, kisha uchague ukubwa wa kukuza kurasa.

Msomaji_Mkongwe alijibu:

Nakubaliana na fundi, ila naongeza jambo ambalo wengi hulipita. Katika sehemu hiyohiyo ya mwonekano, ukifungua mipangilio ya fonti utakuta kipimo cha ukubwa wa chini kabisa wa herufi. Mimi nimekiweka 14. Vichwa vya habari havikui, picha hazivimbi, ila yale maandishi madogo ya tanbihi na tarehe hayaruhusiwi kushuka chini ya hapo. Ukipandisha hadi 20 utaanza kuona maneno yakifurika kwenye vitufe, kwa hiyo panda polepole.

Firefox ina kitu ambacho ningependa vivinjari vyote viwe nacho: ukiweka alama kwenye chaguo la kukuza maandishi pekee, Ctrl na kujumlisha hukuza herufi na kuziacha picha kama zilivyo. Pia ina hali ya kusoma, inayofunguka kwa F9 kwenye Windows, ambayo huondoa menyu na matangazo na kukuachia maandishi matupu. Hapo unachagua mwenyewe ukubwa wa herufi, upana wa safu na nafasi kati ya mistari. Kwa makala ndefu sijaona njia nzuri zaidi ya hiyo.

Hukumu zilizo katika faili za PDF ni habari nyingine. Kipimo cha fonti hakizigusi kabisa, bali hukuzwa kwa vitufe vya kisomaji chenyewe. Chagua ukurasa ulingane na upana wa dirisha, ili usisogeze tena kushoto na kulia.

Mjenzi_wa_Tovuti alijibu:

Naomba niseme upande wetu, kwa sababu mama huyu hana kosa lolote. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka ukurasa wa kawaida usomeke hata ukibanwa hadi upana wa pikseli 320, bila msomaji kusogeza kushoto na kulia. Hiyo ni sawa na skrini ya pikseli 1280 iliyokuzwa kwa asilimia 400. Anayejenga ukurasa unaovunjika kwenye 150 hajaufikia mwongozo huo hata kwa mbali. Mbaya zaidi ni wale wanaoweka amri ya kuzuia kukuza kwa vidole kwenye simu. Jambo hilo linanisikitisha, maana ni kumfungia mlango mtu anayetaka kusoma tu. Chrome ya Android ina chaguo la kuipuuza amri hiyo, katika mipangilio ya ufikivu.

Menyu iliyovimba ipunguze makali kwa F11: skrini nzima inabaki ya ukurasa, nawe unapata mistari kadhaa zaidi.

Mpima_Macho alijibu:

Dada, katika umri wako tatizo huenda si la kompyuta peke yake. Kufikia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huwa imepoteza sehemu kubwa ya unyumbufu wake, na vitu vya karibu huanza kuonekana kwa taabu. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, wakati skrini wengi huiweka kati ya sentimita 50 na 70. Aliyevaa miwani hiyo huinama mbele mpaka aufikie umbali wake, na ndivyo unavyojieleza. Pima kwa utepe wa kupimia kutoka jicho hadi skrini ukiwa umekaa vizuri, kisha nenda na namba hiyo kwa mpimaji wako.

Mama_Hukumu alijibu:

Asanteni sana nyote. Nimeweka Windows kwenye 125, kivinjari kwenye 100, na ukubwa wa chini wa herufi ni 14. Nimepima pia: jicho hadi skrini ni sentimita 62, na miwani yangu nilitengenezewa nikiwa nimeshika kitabu mkononi, hivyo Jumamosi nakwenda kupimwa upya. Hukumu za zamani zilizopigwa skani bado zina ukungu kwa sababu ni picha, na nimekubali kwamba hapo kukuza hakusaidii sana. Ile ya leo ilikuwa na kurasa 23 za maandishi halisi, na nimeisoma hadi mwisho mgongo ukiwa umeegemea kiti.