Hadithi ya matakwa kwa mtoto wa miaka 5: kitabu kipi kati ya hivi 3?

MamaSubira
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 5 na siku hizi kila sentensi ni "ningekuwa na uchawi ningeomba", sasa nikasema bas nimtafutie ile hadithi ya kale ya matakwa, ya picha, ya kumsomea kabla ya kulala. Nimebakiwa na vitatu. Cha kwanza mvuvi na samaki anayetimiza matakwa, cha Kijerumani, picha zinajaa ukurasa mpaka pembeni ila maneno ni mengi kidogo. Cha pili kisa hicho hicho lakini cha Kirusi, samaki wa dhahabu, kimeandikwa kishairi. Cha tatu mkata kuni na matakwa 3, ile ya soseji kuganda puani, kila ukurasa una mstari mmoja tu. Nachukua kipi?

kalamu_butu
Soseji bila kufikiria mara mbili. Wa miaka 5 anahesabu mpaka 3 bila shida, kwa hiyo anajua yamebaki mangapi, na ile ya mwisho inavyotumika kuondoa soseji puani kwa mke wanabaki vile vile kama mwanzo, hapo atacheka mpaka usingizi uruke. Huhitaji kumwelezea chochote. Mwandishi Mfaransa Perrault aliiandika kishairi mwaka 1693 na mtoa matakwa alikuwa mungu Jupiter mwenyewe, ila vitabu vingi vya watoto wanaweka kichimbakazi, sawa tu.

FundiRangi
Mkuu kalamu soseji ni kichekesho kizuri ila ukishacheka mara mbili imeisha. Mi nachora vitabu vya watoto kwa hiyo nitaongelea picha. Ile ya Kijerumani ilitoka kwa mchoraji, Philipp Otto Runge, ndo aliyeiandika, halafu ndugu wawili Grimm wakaiweka kwenye mkusanyiko wao wa hadithi wa 1812, na ukiisoma unaona kabisa huyu mtu alikuwa anafikiria kwa rangi. Kila mara mvuvi akirudi kuomba, bahari imebadilika. Mara ya kwanza kijani na njano, halafu zambarau na bluu nzito, halafu kijivu na maji yananuka, halafu nyeusi inachemka kutoka chini, mwishoni mawimbi yako juu kama minara ya kanisa. Mke ameomba nyumba, ngome, ufalme, ukaizari, upapa, na bado anataka kuamrisha jua na mwezi vichomoze. Maneno hayamwambii mtoto kwamba hapa kuna hatari, maji ndo yanamwambia! Sasa dada MamaSubira fanya hivi, fungua kurasa zote za bahari uziweke moja baada ya nyingine. Kama mchoraji kapaka bluu ile ile mwanzo mpaka mwisho, rudisha kitabu.

MamaSubira
Nimeangalia. Inabadilika kweli, ya mwisho karibu nyeusi yote na mvuvi ni kidoa tu chini kwenye kona.

FundiRangi
Huyo mchoraji kaisoma hadithi.

Bint_Msomaji
Naomba niwe mkorofi. Mnamsifia huyo samaki lakini hadithi yote lawama anabeba mke, mume anaogopa, anajua kabisa si sawa, na bado anaenda kuomba kila akitumwa halafu yeye ndo maskini wa watu. Kwenye soseji angalau wote wajinga, mume ndo anayemgandisha mwenzie soseji kwa hasira. Pia angalia mwisho, kuna matoleo wamelainisha eti samaki anawasamehe na kuwaachia nyumba ndogo. Hapo kitabu kizima kimekufa, wanatakiwa warudi kwenye kibanda chao kichafu.

Mzee Kobe
Bint Msomaji uko sahihi kuhusu mume, ila kwa mtoto hilo ni swali zuri la kuuliza mkiwa mnasoma. Mi natetea Kirusi kidogo. Mshairi wao Pushkin aliitunga 1833 na bibi anaanza kwa kuomba beseni jipya la kufulia kwa sababu la kwao limepasuka, beseni tu! Ndo maana ile picha ya mwisho inauma, amekaa mlangoni na beseni lile lile lililopasuka. Halafu yule wa Kijerumani anajibu mpaka mwisho, huyu wa dhahabu kwenye ombi la mwisho hasemi neno, anapiga mkia majini anazama. Ila ushairi ukitafsiriwa vibaya unakuwa mzigo, soma ukurasa mmoja kwa sauti kwanza, ukijing'ata ulimi achana nacho.

MamaSubira
Mrejesho. Cha Kirusi nimejaribu kwa sauti nikakwama ubeti wa pili, nikakiweka pembeni. Soseji alicheka sana akasema tena, tena, mara ya tatu akawa anachezea mto. Cha Kijerumani aliniacha nisome mpaka bahari ya kijivu, akaweka kidole juu ya maji akasema "mama hapa imekasirika, kwanini baba haoni?" Nikamwambia anaona. "Sasa mbona anaenda?" Bint Msomaji ningekuwa na namba yako ningekupigia usiku ule ule ujibu wewe. Nimebaki na hicho, na soseji nitaiweka kwa siku ambazo mi mwenyewe nimechoka.