Kumtembeza bi mkubwa De Negen Straatjes, Amsterdam

Wakuu, Jumatatu asubuhi nataka kumpeleka bi mkubwa kwenye vile vichochoro tisa vya maduka. Anapenda mno vitu vya ngozi, ila magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi?

— Mkuu, Jumatatu maduka mengi hufunguliwa mchana, msiwahi. Anzeni Reestraat, ukingoni mwa mfereji wa Prinsengracht, mnyooke Hartenstraat, kisha Gasthuismolensteeg hadi mfereji wa Singel. Njia ni moja, haina kona. Karne ya 17 mafundi ngozi walikuwa mitaa hiyo hiyo, mwambie mama, atafurahi!

— Madaraja yana mwinuko, mpumzishe kila mkivuka. Na baiskeli, jamani, mshike mkono!

— Asanteni sana. Tutakwenda baada ya chakula cha mchana.