Tupeane uzoefu: bolti iliyogoma kabisa, uliitoaje?

Wakuu, jana nimepoteza masaa matatu kwa bolti moja ya ekzosi. Kosa langu: boksi (spana ya kuvalisha juu ya kichwa cha bolti) ya pembe 12 kwenye kichwa kilicholiwa na kutu. Iliteleza mara moja tu, kichwa kikawa duara kama sarafu. Ya pembe 6 ingeshika ubavu. Nimeishia kuikata. Zimebaki tano, na kabla sijazigusa nataka kusikia zenu.

*

Pole mkuu. Mimi nilikuwa mtu wa kuchomeka bomba refu kwenye spana na kuning'inia. Siku bolti ilipokatika nilikwenda na spana hadi chini, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chesisi. Sasa bolti naikaza kwanza, kidogo sana, mpaka nisikie ule mlio wa kutu kuachia. Halafu nalegeza, narudisha, natia mafuta, nalegeza tena. Ukivuta upande mmoja tu, unga wa kutu unajaa kwenye nyuzi na kuikaba upya.

*

Moto! Ila wengi wanachoma bolti yenyewe, nayo inatanuka na kujibana zaidi. Choma nati, au chuma kilichoizunguka. Na tazama jirani kuna nini: mimi niliyeyusha raba ya bolijointi (kiungo cha mpira kwenye usukani na magurudumu), nikanunua bolijointi nzima kwa sababu ya nati moja. Sprei ya kusafishia breki iwe mbali kabisa. Zile zenye klorini zikikutana na moto zinatoa gesi ya sumu.

*

Msinicheke. Pedali ya kushoto ya baiskeli. Mafuta, nyundo, moto, mchana kutwa. Kumbe nyuzi zake ni za kinyume, inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Muda wote huo nilikuwa naikaza.

*

😂😂 Uliifungua lakini?

*

Niliifungua. Ila mkono wa pedali ulikuwa umeshapinda.

*

Ikikatika na kubaki kisiki, valisha nati juu yake, chomelea kwa ndani, iache ipoe kidogo, kisha zungusha. Joto la kuchomelea ndilo linalofanya nusu ya kazi. Stadi moja (bolti isiyo na kichwa) ilinikatikia mara mbili, ya tatu ikatoka kwa vidole. Ekstrakta, zile za kuchomeka kwenye tundu ulilotoboa ili kung'oa kisiki, naziogopa: chuma chake ni kigumu mno, ikikatikia ndani drili ya kawaida haiingii.

*

Kwa wenye hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya aluminiamu: plagi za cheche toa injini ikiwa imepoa. Mimi niliharakisha ikiwa ya moto, ikatoka na nyuzi za hedi.

*

Mwenye mada tena. Wa pedali, nakushukuru, nimecheka hadi nimesahau mkono unauma. Tano zilizobaki nimezitia mafuta ya kulegeza kutu, zinalala hivyo hadi kesho. Moja imeshaanza kuchuruzika weusi upande wa pili, nadhani yamepenya. Ile ya karibu na paipu ya petroli sitaichoma, hata ikinichukua wiki.