Bima ya afya Ujerumani: wakala ananisukumia bima binafsi, nikubali?

Mhandisi_wa_Magu
Wakuu, habari za saa hizi. Februari 2026 naanza kazi Stuttgart, uhandisi wa mitambo. Nina miaka 34, mshahara ghafi euro 6,200 kwa mwezi. Mke na watoto wawili (miaka 6 na 2) wanabaki Mwanza mpaka viza zao zitoke.

Kuna wakala amenipata LinkedIn, ananipigia kila jioni. Anadai bima binafsi itanigharimu euro 290 mfukoni mwangu, wakati ya umma ni karibu 600. Eti nimeshavuka kiwango cha mshahara kinachoruhusu kuchagua, kwa sababu mshahara wa 13 unanifikisha 80,600 kwa mwaka.

Mimi nimezoea kadi ya NHIF: unakatwa, mke na watoto wamo, biashara imeisha. Huyu kanitumia fomu ya kurasa saba, wanauliza mpaka jino nililong'oa. Mke wangu ana pumu. Nilipomwambia akajibu "hilo tutaliona akishafika". Hapo ndipo roho ikasita. Anataka nisaini kabla ya Ijumaa.

Bi_Likoni
Sikiza kaka, kalamu weka chini kwanza. Mimi ni nesi, huu mwaka wangu wa 11 Hamburg, na haya mambo nayaona kazini kila siku.

Hiyo 290 ni yako peke yako. Bima binafsi inahesabu vichwa: mkeo ana bei yake, mtoto wa kwanza ana yake, wa pili ana yake. Mwajiri huchangia, ila mchango wake una kikomo. Na bei hupangwa kwa umri na afya ya mtu siku anayoingia. Mwenye pumu ataongezewa bei au atakataliwa. Na usije ukashawishiwa "kuisahau" pumu kwenye fomu! Wakigundua baadaye, wana haki ya kuvunja mkataba, na watagundua siku umepeleka bili kubwa.

Bima ya umma inaangalia mshahara tu. Nayo pia ina kikomo, ndiyo maana haizidi hiyo 600 au karibu yake. Mke asiye na kipato na watoto wanaingia bure, jina lake utaliona kwenye fomu: Familienversicherung. Hata akipata kile kikazi kidogo wanachokiita minijob, bado yumo. Pumu haiulizwi na mtu.

Sasa hesabu ya wakala. Kiwango cha 2026 ni euro 77,400. Wewe 6,200 mara 12 ni 74,400, hujafika. Mshahara wa 13 unahesabiwa ikiwa tu mkataba umeuahidi bila masharti. Ukiwa ni wa "tukipata faida tutakupa", hauhesabiwi, na hapo huna cha kuchagua: sheria inakuweka bima ya umma moja kwa moja. Umeusoma mkataba wako, au umeusomewa na wakala?

Hata ukiwa umevuka, kwa kuwa ndiyo kazi yako ya kwanza huku, unaweza kuomba bima ya umma kwa hiari. Una miezi 3 tangu siku ya kuanza kazi. Ikipita, kurudi ni shughuli, na ukifikisha miaka 55 mlango karibu umefungwa kabisa.

Kapera_Munich
Dada amesema kweli, ila asiichafue bima binafsi yote. Nina miaka 29, sina mke wala mtoto, kazi ya kompyuta, nimevuka kiwango kwa mbali. Nilipotokwa na vipele mgongoni nilimwona daktari wa ngozi baada ya siku nne. Jamaa ninayeishi naye, bima ya umma, alingoja miezi miwili.

Kasoro yake ni bahasha. Bili inakuja kwangu, nalipa, halafu naipiga picha na kuituma nirudishiwe. Mwezi uliopita euro 214 zilikaa nje wiki tatu, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Kwa mtu mwenye familia ya watu wanne, mimi nisingethubutu.

Mama_Ntilie_Köln
Mkuu, pia jihadhari na zile bima za bei chee za wageni. Mimi nilikuja kusoma lugha, nikanunua ya euro 40 mtandaoni. Nikapata mimba. Nikaletewa barua: uzazi haulipiwi mpaka miezi 8 ipite. Nilijifungua kwa deni, nikalilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Siku ya kubadili kibali cha kuishi, yule afisa akaitazama karatasi ya bima mara moja tu, akanirudishia.

Mhandisi_wa_Magu
Nimefungua mkataba, kifungu cha 5. Mshahara wa 13 "kwa uamuzi wa kampuni kulingana na matokeo ya mwaka". Nimewaandikia watu wa rasilimali watu, wamejibu ndani ya dakika ishirini: wewe ni bima ya umma, tuletee jina la mfuko wa bima uliouchagua. Wakala kapiga saa moja usiku, sijapokea.

Sasa mifuko yenyewe ni mingi mno. Nachaguaje?

Bi_Likoni
Usiumize kichwa. AOK, Barmer, TK, huduma karibu zote zimepangwa na sheria. Linganisha ile asilimia ya nyongeza juu ya mchango, kila mfuko una yake, na uangalie lugha. Mimi niko TK kwa sababu nilipofika Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji, nao walinihudumia kwa Kiingereza.

Cha kufanya leo hukohuko Mwanza: cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, vitafsiriwe mapema. Mfuko utaviomba siku mkeo akitua.