Naombeni ushauri: nawezaje kuchambua pambano la MMA badala ya kushangilia tu?

Chipukizi_Moro
Wakuu, habari za leo. Nafuatilia MMA, mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, tangu Francis Ngannou achukue mkanda wa uzito wa juu Machi 2021. Kushangilia nashangilia sana, ila nikiulizwa kwa nini fulani kashinda, sina hoja. Juzi tulirudia pale kibandani pambano lake na Ciryl Gane la Januari 2022. Nikasema Gane kaonewa, maana mateke yake yalikuwa mengi na miguu yake myepesi. Jamaa mmoja akaniuliza, "Kashinda raundi zipi?" Nikanyamaza. Mnaojua mchezo huu, macho yenu huwa yanaangalia wapi?

Mzee wa Kona
Kijana wangu, swali la huyo jamaa ndilo darasa lenyewe. Kila raundi inasimama peke yake: mshindi anapata 10, aliyeshindwa kwa kawaida 9. Pambano la ubingwa lina raundi tano za dakika tano tano. Shika kalamu, raundi ikiisha andika namba zako kabla hujasikia maoni ya mtu. Mimi huzima sauti kabisa. Mtangazaji akishampenda mpiganaji, hata ngumi iliyogonga mkono utaisikia kama imetua kwenye taya.

Jaji anaanza na madhara: nani kapiga ngumi na mateke yaliyoumiza, nani kafanya kazi ya maana kwenye mieleka. Kusonga mbele na kutawala ulingo kunahesabiwa pale tu hayo ya kwanza yanapolingana. Mashabiki wengi wanaanzia mwisho, wakiona mtu anamfuata mwenzake wanampa raundi.

Sasa rudi kwa Gane. Raundi mbili za mwanzo nampa yeye. Ya tatu akarusha teke, Ngannou akalidaka, akambwaga chini. Tangu hapo usiangalie ngumi, angalia miguu ya Gane. Mtu anayehofia kubebwa na kubwagwa chini harushi mateke kwa uhuru ule wa mwanzo. Kwa jumla ya raundi zote, majaji walitoa 48-47, 48-47 na 49-46, wote kwa Ngannou.

BintiTanga
Naomba niongeze, kaka. Ukitaka kumjua mpiganaji, tafuta pambano aliloshindwa. Ngannou alipigwa na Stipe Miocic Januari 2018, majaji wote watatu wakaandika 50-44. Pumzi zilikata mapema, akawa anabebwa tu. Miaka minne baadaye, mtu yuleyule ndiye anayembeba mwenzake! Na kumbuka alieleza kwamba aliingia kwa Gane akiwa na goti bovu. Ukishajua hilo, uamuzi wake wa kwenda kwenye mieleka unauona kwa jicho jingine.

PembeNane
Mzee, shikamoo. Kadi, yaani alama za raundi, ni muhimu, lakini zisimfunge kijana macho. Chukua pambano la Kamaru Usman na Leon Edwards, Agosti 2022. Baada ya raundi nne majaji wote walikuwa na 39-37 kwa Usman. Raundi ya tano, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Edwards anatanguliza mkono wa kushoto kama anataka kupiga. Usman anaushughulikia mkono. Nyuma yake linakuja teke la kushoto mpaka kichwani, pambano limeisha. Rudia hapo polepole, mara ya kwanza mwangalie Edwards peke yake, mara ya pili Usman peke yake. Kadi haiwezi kukufundisha hilo.

Mzee wa Kona
Marahaba. Hilo nakubali. Ila anayeanza aanze na kadi, ndipo ajue arudie wapi.

Chipukizi_Moro
Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Jana usiku nimelirudia la Ngannou na Gane bila sauti, kalamu mkononi. Raundi ya tano imenishangaza. Gane ndiye aliyemwangusha Ngannou, yuko juu, halafu anaiacha nafasi hiyo na kuufuata mguu ili amkunje kisigino mpaka akubali kushindwa. Akaukosa, Ngannou akapanda juu, na wakamaliza hivyo. Siku ile kibandani sikuliona kabisa! Kadi yangu imetoka 48-47 kwa Ngannou, lakini raundi ya nne nimeiandika kwa penseli. Mwenye kadi yake ya raundi hiyo aiweke hapa na sababu zake, leo usiku nairudia tena.